Mkataba Umeisha, Mlango Uko Wapi?

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia swali fupi: "Mkataba wangu wa intaneti na TV unaisha mwezi ujao. Niwaambie nini hawa watu ili wanipunguzie bei?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitano, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Sababu ni kwamba jibu ambalo kila mtu hutoa (piga simu, tisha kuhama, utapewa punguzo) nililijaribu mwenyewe mwaka 2024 na likanirudi usoni. Nilichojifunza baada ya hapo ndicho nataka kukiandika leo. Nimekaa nacho zaidi ya mwaka makusudi, maana nilitaka kuona kama bei mpya itadumu. Imedumu. Kwa hiyo, kaeni chini, chai iko mezani.

Kwanza niwape picha. Naishi kwenye jengo la ghorofa nne kando ya Thika Road, nyumba kumi na sita. Nafanya kazi ya kuandika programu nikiwa nyumbani, wateja wangu wengi wako nje ya nchi. Mke wangu ni mwalimu na jioni hufundisha wanafunzi wake kupitia kompyuta. Baba yangu, Mzee, amekuwa akiishi nasi tangu alipostaafu, na Mzee ana sheria moja tu: taarifa ya habari ya saa moja jioni haikosekani. Kwa hiyo intaneti kwetu ni mshahara, na TV ni amani ya nyumba.

Tulipohamia hapo Februari 2022 nilitia sahihi mkataba wa miezi 24 na kampuni iliyokuwa tayari imefikisha waya mlangoni. Siitaji jina. Si mojawapo ya zile kubwa mnazoziona kwenye mabango, ni moja ya zile za mitaa zinazotandaza faiba jengo kwa jengo. Nililipa shilingi 4,500 kwa mwezi kwa Mbps 30, na 1,000 juu yake kwa kisanduku cha TV chenye chaneli zaidi ya mia moja. Jumla 5,500.

Mkataba uliisha Februari 2024. Unajua niligundua lini? Septemba. Miezi saba niliendelea kulipa kama mtu aliyefungwa kumbe pingu zilishafunguliwa. Hakuna aliyeniambia. Si ujumbe, si barua pepe, si simu. Na mimi ndiye mtu anayewekea wateja wake vikumbusho vya kila kitu kwenye kompyuta! Aibu hiyo naibeba mwenyewe.

Kilichonizindua ni rafiki yangu wa Kahawa. Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei. Aliyekuwa na Mbps 10 akapata 15, wa 20 akapata 30, wa 40 akapata 80. Rafiki yangu hakuomba chochote. Aliamka akakuta amepewa. Starlink ilikuwa imeingia Kenya Julai 2023, na soko lote lilikuwa limeanza kutazama juu angani kwa wasiwasi. Mimi kwangu hakuna kilichotikisika. Ile ile 30, ile ile 5,500.

Nikasema haya, hapa pana mazungumzo.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa programu, sikutaka kupiga simu mikono mitupu. Niliunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya (usipime kwa WaiFai, watakwambia ukuta wako ndio wenye makosa), nikaandika programu ndogo ya kupima kasi kila nusu saa na kuandika majibu kwenye faili. Iliendelea kwa wiki mbili. Alfajiri nilikuwa napata 29 au 30, safi kabisa. Saa tatu usiku, wakati jengo zima liko nyumbani, wastani ulikuwa 11. Yaani nilikuwa nalipia basi zima na kusimama mlangoni.

Kwa upande wa TV nilitumia teknolojia ya zamani zaidi: daftari na kalamu juu ya meza. Kila aliyebadilisha chaneli aliandika. Baada ya wiki mbili, kati ya chaneli zile mia na ushee, tulikuwa tumetazama sita. Nne kati ya hizo zinarushwa bure hewani. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, chaneli hizo zinapatikana kwa antena na king'amuzi cha kawaida cha DVB-T2 ambacho hakidai malipo ya mwezi. Mzee alikuwa analipiwa 1,000 kila mwezi kutazama kitu ambacho kilikuwa kinapita juu ya paa bure.

Basi nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Nikamwambia mkataba umeisha, kasi ya usiku ni hii, bei ya jirani ni hii, nataka kuhama. Akaniomba nisubiri, nikasikiliza muziki dakika tisa, akanirudishia ofa: "Bwana, tumekupa nusu bei kwa miezi mitatu, ukitia sahihi miezi 24 mingine."

Nusu bei! Ukiisikia haraka unaweza kuruka. Lakini shika kikokotoo. Miezi mitatu kwa 2,750 ni 8,250. Miezi 21 iliyobaki kwa 5,500 ni 115,500. Jumla 123,750, gawanya kwa 24, unapata 5,156 kwa mwezi. Nusu bei imegeuka kuwa punguzo la shilingi 344. Na kwa shilingi hizo 344 ninauza haki yangu ya kuondoka kwa miaka miwili.

Nikamwambia, "Dada, asante, lakini hapo nitahama tu."

Kukawa kimya kidogo. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa: "Sawa, bwana. Lakini katika jengo hilo, utahamia kwa nani?"

Nilikosa la kusema. Alikuwa ananisoma kutoka kwenye skrini yake, na skrini yake ilijua kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikiria. Nilishuka kwa keateka nikamuuliza. Akacheka. "Hao wengine walikuja mara mbili, wakarudishwa getini. Mwenye nyumba ameshaongea na hawa." Vipi Starlink? "Juu ya paa hakuna kuweka kitu bila ruhusa." (Na hata ningepata ruhusa, Novemba mwaka huo Starlink ilisimamisha kwa muda kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.)

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la ushauri wote niliowahi kusoma. Wote unadhani una mlango. Kutisha kuhama ukiwa huna pa kuhamia ni kupiga kelele ndani ya chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo anakusikia vizuri tu.

Jioni hiyo nikaanza kugonga milango. Nilitaka kujua kama majirani wana shida ya kasi kama mimi. Nikakuta kitu kingine. Kijana aliyehamia ghorofa ya tatu miezi miwili kabla alikuwa analipa 3,500 kwa Mbps 30 zile zile zangu za 4,500. Mwingine, mwanasheria mwenye mdomo wake, alikuwa ameshapiga simu akapewa 3,800 na kuambiwa asimwambie mtu. Na Shosho wa ghorofa ya kwanza (tunamwita hivyo sote, ndiye mpangaji wa kwanza kabisa wa jengo) alikuwa analipa 4,500 kwa Mbps 10. Kumi! Kifurushi chake kilikuwa cha zamani, hakiuzwi tena, lakini hakuna aliyemwambia. Anakitumia kuongea na binti yake aliye Doha, na picha ikikwama hudhani simu yake imezeeka.

"Kijana wangu," aliniambia, "mimi hulipa tarehe moja. Sijawahi kuchelewa hata siku moja."

Hebu rudia kusoma sentensi hiyo. Mteja mwaminifu kuliko wote katika jengo ndiye aliyekuwa analipa ghali kuliko wote kwa huduma mbovu kuliko zote. Haikuwa ajali. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu mgema hakusifiwa hata. Alinyamaziwa tu, na hilo lilimtosha.

Ndiyo maana siku hizi sifurahii tena makala za "mbinu kumi za kupata punguzo". Punguzo la siri anayelipewa ni mwenye mdomo, na anayelilipia ni mkimya. Kampuni haipotezi kitu. Inajua katika kila jengo watapiga simu watu wawili au watatu, itawapoza, na bei iliyoandikwa itabaki pale pale kwa wengine wote. Mimi na yule mwanasheria tukishinda, Shosho ndiye anayelipa gharama ya ushindi wetu.

Tukaandika barua kwa mwenye nyumba. Ukurasa mmoja, bila matusi. Tulimwomba mambo mawili: aruhusu kampuni ya pili kuingiza waya, na aruhusu antena moja ya pamoja juu ya paa kwa ajili ya TV za bure. Nyumba kumi na moja kati ya kumi na sita zilitia sahihi. Tukaambatanisha jedwali la kasi zangu za usiku na orodha ya nani analipa kiasi gani kwa kifurushi gani, kwa namba ya nyumba, kwa ruhusa ya kila mmoja.

Sasa nitakiri jambo. Siku moja kabla ya kupeleka barua, simu ikalia. Sijui habari ziliwafikia vipi, lakini sauti hii haikuwa ya yule dada. Ilikuwa ya mwanamume, mkubwa kiasi kazini, anajua jina langu na namba ya nyumba. "Tumepitia akaunti yako. Tunaweza kukupa Mbps 30 na TV kwa 3,300, bila mkataba. Ila hiyo ni yako wewe. Na hayo mambo ya barua, bwana, sioni kama yana haja tena."

Shilingi 2,200 kila mwezi. Karibu 26,400 kwa mwaka. Ningependa kuwaambia kuwa nilikataa papo hapo. Sikukataa. Nilimwambia nitafikiria, na nikafikiria siku mbili nzima, barua ikiwa ndani ya droo. Mke wangu hakusema kitu. Siku ya pili jioni nilishuka kununua maziwa nikamkuta Shosho ameketi kwenye ngazi, simu mkononi, anaisogeza huku na huku akitafuta mahali picha haitakwama. Nilirudi juu nikaitoa barua.

Mwenye nyumba hakuwa jitu la kutisha nililojichorea kichwani. Ni mzee mstaarabu, alitupokea kwa chai. Na alikuwa na hoja, nazo niziandike hapa kwa haki. Alisema kampuni hiyo ndiyo iliyokubali kutandaza waya jengo likiwa bado na nyumba nne tu zenye watu, wengine wote walikataa. Alisema jengo lake la kwanza aliruhusu kila kampuni, ukuta ukatobolewa kama chujio na waya zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, na kampuni mbili zikafunga duka zikaacha takataka zao. "Kijana, wewe unaona ushindani. Mimi naona matundu."

Nadhani hoja ya kwanza ni ya kweli, ila ina tarehe ya mwisho. Aliyewekeza arudishiwe alichowekeza. Ndiyo kazi ya ule mkataba wa miezi 24. Mkataba ukiisha, deni limeisha. Haiwezekani kila mpangaji mpya azaliwe na deni la waya uliokwisha kulipiwa. Hoja ya pili ni ya ufundi na ina jibu la ufundi: bomba moja la waya kutoka chini hadi juu, sanduku moja kwenye kila ghorofa, na anayeingia aweke amana ya kurekebisha ukuta. Hilo ndilo tulilomwandikia kwenye karatasi ya pili. Alilisoma mara mbili. Wiki tatu baadaye aliruhusu.

Na hapa ndipo pa kuchekesha. Kabla kampuni ya pili haijaingiza hata mita moja ya waya, wale wetu wa zamani walituma ujumbe kwa jengo zima: Mbps 30 kwa 3,200, wateja wapya na wa zamani, bila mkataba. Saa tatu usiku nikapima. 27. Kumbe uwezo ulikuwepo siku zote.

Mimi sikuhama. Ndiyo, umesoma sawa. Niko na kampuni ile ile hadi leo, nalipa mwezi kwa mwezi. TV yao niliirudisha, tukanunua king'amuzi cha 3,500 mara moja tu, na Mzee anatazama habari zake saa moja kama kawaida. Nyumba sita zilihama. Shosho hakuhama, ila sasa anamwona binti yake meno yote. Kilichoshusha bei hakikuwa kuhama kwangu, wala maneno yangu kwenye simu. Ni kule kufunguka kwa mlango.

Nchi hii imeshawahi kupitia darasa hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2000 watoa huduma wa intaneti walianzisha KIXP hapa Nairobi, kituo cha kubadilishana data ili barua pepe inayotoka Westlands kwenda Industrial Area isilazimike kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Desemba 2000 msimamizi wa sekta wakati huo, CCK, akaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Haki ile ya kipekee iliisha 2004, na mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zikaanza kazi Mombasa. Sisi tulioanza kazi hii enzi za saiba, tukilipa kwa dakika, tunajua tofauti. Nchi yenye mlango mmoja hulipa bei ya mlango mmoja. Jengo langu lilikuwa Kenya ndogo ya mwaka 2001.

Ndiyo maana naona jambo hili lisiachiwe wapangaji wenye muda wa kugonga milango. Wenzetu wameshalitungia kanuni. Marekani, tume ya mawasiliano FCC ilipiga marufuku mwaka 2007 mikataba inayoipa kampuni moja ya kebo haki ya peke yake ndani ya jengo la kupangisha, na mwaka 2022 ikakataza pia aina za makubaliano ya kugawana mapato na wenye majengo zilizokuwa zikifunga mlango huo kwa njia ya uani. Uingereza, tangu Februari 2020 kampuni zinalazimika kumwarifu mteja kabla mkataba wake haujaisha na kumwonyesha bei zao bora, na tangu Septemba 2024 anayehama huongea na kampuni mpya tu. Hiyo ndiyo inayopanga na ile ya zamani. Mimi ningepewa arifa moja tu kama hiyo, miezi yangu saba isingepotea.

Sisi tunayo mahali pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua, na kanuni za kumlinda mteja wa mawasiliano zilitungwa mwaka huo huo. Ningependa Mamlaka ya Mawasiliano iongeze mambo matatu yaliyo wazi kama jua: mteja aarifiwe mkataba unapoisha, bei ya kifurushi kimoja iwe moja kwa mteja mpya na wa zamani mkataba ukishaisha, na jengo la kupangisha lisifungiwe kampuni moja.

Lakini tujihadhari, kanuni moja haitoshi. Aprili 2011 tuliruhusiwa kuhama mtandao wa simu bila kubadilisha namba. Mlango ulifunguliwa kisheria. Ila ukihama Safaricom, namba inakufuata, M-Pesa haikufuati, na Mkenya gani ataacha pochi yake nyuma? Daima kuna kufuli la pili. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Nakuru, hapa chini kuna orodha ya kufuli za kukagua nyumbani kwako mwezi huu, kabla hujagusa simu.

1. Tarehe. Tafuta mkataba, andika siku unapoisha na siku za ilani zinazotakiwa, weka kikumbusho siku 40 kabla. Ukikosa nakala, iombe kwa barua pepe, si kwa simu, ili kuwe na maandishi.

2. Ruta. Kile kisanduku ambacho waya wa faiba unaingia ni chao, kiache. Lakini nunua ruta yako mwenyewe ya WaiFai uiunganishe nyuma yake. Ukihama, unachomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine, simu na TV hazijui hata kama umehama. Ukishindwa kununua, basi kwenye ruta mpya andika jina la WaiFai na neno la siri yale yale ya zamani. Utajiokoa jioni nzima.

3. Barua pepe. Kama bado kuna mtu anatumia anwani yenye jina la kampuni ya intaneti, ahame leo. Anwani iwe ya kwako, isiwe ya anayekuuzia waya.

4. Kamera na vitu kama hivyo. Kampuni nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa pamoja, na kamera uliyokuwa unaitazama ukiwa kazini inaweza kukataa baada ya kuhama. Uliza kabla.

5. Malipo ya mwaka mzima. Usilipe mbele kwa ajili ya punguzo dogo. Januari 2009 GTV, iliyokuwa na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, ilifunga ghafla na wateja wakabaki na ving'amuzi vya kupambia kabati.

6. Ushahidi. Wiki mbili za vipimo kwa waya, usiku hasa. Na daftari la TV, mtashangaa.

7. Kuondoka. Ilani kwa maandishi, vifaa virudishwe kwa risiti yenye namba za vifaa hivyo, na zile kampuni mbili zipishane wiki moja ili usikae gizani. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwao kwa maandishi kwanza, kisha Mamlaka ya Mawasiliano.

8. Jirani. Hili ndilo la kwanza, nimeliweka mwisho ili ulikumbuke. Gonga milango mitatu, uliza wanalipa ngapi. Swali hilo linagharimu dakika kumi na kampuni ingependa usiliulize kamwe.

Ukishafanya hayo, piga simu. Ongea kwa heshima, yule dada wa upande wa pili hakupanga bei. Na wakikupa ofa nzuri na kukuomba usimwambie mtu, usinifuate mimi niliyeiweka barua droo siku mbili. Waambie majirani jioni hiyo hiyo.

Shosho, kwa njia, bado analipa tarehe moja. Siku hizi hunitumia ujumbe wa risiti ya M-Pesa kila mwezi, na chini yake huandika neno moja tu: "Angalia." Huwa naangalia. Ni 3,200.

Nanyi mnalipa ngapi, na jengo lenu lina milango mingapi? Niandikieni. Tutaonana.